Ndege wa Msimu wa Kaskazi: Namna ya Kuwatazama Pwani na Kuwapasha Wenzako Habari

Theluji ikianza kuanguka Siberia, ndege wa huko wako kwetu wanakula kaa. Wengine hufika hata kabla Kaskazi haijaanza kuvuma. Mwishoni mwa Agosti, upepo bado ni wa Kusi, vitwitwi wa kwanza, ndege wadogo wa tope, wameshashuka Mida, hori lenye mikoko karibu na Watamu, Kenya, na baadhi yao wangali na mabaka mekundu ya kiangazi vifuani. Kuanzia hapo mpaka Aprili pwani yetu ndiyo makao yao ya majira ya baridi, ingawa sisi wenyewe Januari tunajipepea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi pwani, popote kati ya Lamu na Mtwara, Unguja au Pemba, mwenye darubini yake au ya kuazima, anayetaka mambo mawili: kuwatambua ndege hawa, na kueleza alichokiona kwa namna ambayo mwenzake wa Tanga au Maskati anaweza kuitumia. La pili ndilo linalotushinda. Kwenye makundi ya WhatsApp utasoma "Leo Mida ndege wengi sana, mashallah", pamoja na picha moja ya vivuli. Wengi wangapi? Saa ngapi? Maji yalikuwa yanajaa au yanapwa? Bila majibu hayo ujumbe ule ni salamu tu. Salamu ni jambo jema, ila haihesabiwi.

1. Anza na maji

Mtu wa bara akitaka kutazama ndege huamka alfajiri, na huko bara ana haki. Ufukweni anayeamua ni maji. Yakipwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye tope, na utakachoona ni nukta zinazotembea ndani ya mvuke wa joto. Yakijaa kabisa, wameshaondoka: wamejibanza kwenye mikoko au wamerukia mashamba ya chumvi, wamelala kwa mguu mmoja. Unachokitaka ni muda wa katikati, saa mbili au tatu kabla ya maji kufika kilele. Hapo bahari inakufanyia kazi. Inawasogeza ndege hatua kwa hatua, na ukiwa umekaa kimya mahali pazuri watakufikia wenyewe.

Jedwali la maji lipo bandarini na kwenye simu. Hata bila jedwali unaweza kukisia kwa kuutazama mwezi, kama wavuvi wanavyofanya. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji katika pwani ya Kenya na Tanzania hufika kilele kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kilele huangukia asubuhi ya saa nne au saa tano, lakini maji hayajai sana wala hayapwi sana, na ndege wengi hubaki mbali kwenye tope lisilofunikwa.

Kwa hiyo chagua siku ya bamvua, fika saa nane mchana, kaa mpaka saa kumi. Mida ina faida yake ya ziada saa hizo. Daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia liko upande wa magharibi, hivyo alasiri jua linakuwa mgongoni mwako na ndege mbele yako wanaonekana kila unyoya. Kiingilio chake huenda kwenye mradi wa jamii unaosaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, basi usikwepe kulipa.

Kama huishi karibu na Mida, tafuta mahali ambapo mto unaingia baharini, au penye tope pana, au penye mashamba ya chumvi. Mdomo wa Mto Sabaki kaskazini mwa Malindi ni mzuri kupita kiasi, hasa kwa shakwe na buabua. Dar es Salaam, Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda, watu hupita na magari kila siku bila kugeuza shingo, na chini yao ndege waitwao sululu wanadona tope. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi ni ya wakati maji yamejaa. Delta ya Rufiji ina ndege wengi kuliko kote huko, lakini inahitaji mashua, mafuta na mwenyeji anayejua mikondo. Usianzie huko.

2. Vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu hukimbilia 10x au 12x wakidhani kubwa ni bora, kisha mkono ukitetemeka hawaoni kitu. Kama kikundi chenu kinaweza kuchanga, nunueni darubini moja ya kusimamisha kwa miguu mitatu. Ukiweka kamera ya simu kwenye kioo chake cha nyuma unapata picha za ushahidi ambazo simu peke yake haiwezi.

Zaidi ya hapo: daftari, kalamu ya risasi (wino na unyevu wa chumvi havipatani), kofia, maji ya kunywa, viatu unavyokubali viharibike. Nguo ya rangi ya mchanga au kijani ni bora kuliko nyeupe. Kanzu iache nyumbani.

3. Tambua umbo kabla ya rangi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanafungua kitabu, wanaona ndege mwekundu wa kupendeza, wanatazama tope na kukuta kundi zima ni la kijivu. Ndege hawa huvaa rangi zao kwao, wakati wa kuzaliana. Huku kwetu wako katika nguo za nyumbani: kijivu juu, nyeupe chini. Ukitegemea rangi utazunguka. Fuata mpangilio huu kila mara, bila kuruka: ukubwa, mdomo, miguu, mwendo, kisha bawa anaporuka.

Ukubwa upime kwa ndege unayemjua. Mdogo kama shomoro? Kama njiwa? Kama kuku? Mdomo tazama urefu na mpindo: umenyooka, umeinama chini au umeinuka juu? Mwendo ni alama ambayo vitabu huipuuza, nami huiamini kuliko zote, maana hata kwa mbali, kwenye mvuke, mwendo haubadiliki.

Anza na hawa, kwa sababu kila mmoja ana jambo moja lisilochanganywa na la mwingine.

Sululu, *Numenius phaeopus*, ana mdomo mrefu unaoinama chini na mistari miwili myeusi utosini. Akiruka hupiga mbinja za haraka mfululizo, kama saba hivi, zinazosikika tope zima. Ana kaka yake mkubwa, *Numenius arquata*, mwenye mdomo mrefu zaidi na kichwa kisicho na mistari; huyo si wa kila siku.

Mwenye mdomo ulioinuka juu na miguu mifupi ya njano, anayekimbia ameinama mbele kana kwamba amechelewa mahali, ni *Xenus cinereus*. Anayekimbia kufuata wimbi likirudi na kulikimbia likija, mweupe kuliko wenzake, kwenye mchanga safi na si kwenye tope, ni *Calidris alba*. Anayepindua mwani na vijiwe kwa mdomo, mwenye miguu ya rangi ya chungwa, ni *Arenaria interpres*. Anayetikisa mkia bila kupumzika, peke yake kwenye ukuta wa gati au juu ya dau lililoegeshwa, ni *Actitis hypoleucos*. Huyu wa mwisho hahitaji hata pwani. Utamkuta kando ya Ziwa Viktoria na kwenye mabwawa ya Nairobi pia.

Yule mnono wa kijivu, mwenye jicho kubwa jeusi, anayekimbia hatua chache, anasimama, anatazama, kisha anakimbia tena, subiri aruke. Kama kwapani ana doa jeusi, ni *Pluvialis squatarola*. Hakuna mwingine pwani yetu mwenye alama hiyo.

Kitwitwi nitamzungumzia kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiye wengi wao na ndiye mwenye habari. *Calidris ferruginea* ni mdogo, mdomo mweusi mwembamba unaoinama chini kwa ncha, na akiruka sehemu ya juu ya mkia ni nyeupe. Huzaliana kwenye nyanda za baridi za kaskazini kabisa mwa Siberia. Huko, riziki ya makinda yake inategemea mnyama ambaye hajawahi kumwona mtu wa Mida: lemingi, aina ya panya wa nchi za baridi. Mwaka lemingi wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba kwao na kuwaacha ndege. Mwaka lemingi wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda, na mwaka huo vitwitwi wachanga wanaofika Afrika huwa wachache mno. Mzunguko huo huelekea kurudi kila baada ya miaka mitatu hivi.

Kwa hiyo kati ya Septemba na Novemba usihesabu vitwitwi tu. Jaribu kutenganisha wachanga na wazima. Mchanga ana mgongo wenye magamba safi yaliyopigwa ukingo mweupe, na kifua chenye rangi hafifu ya pichi. Mzima wa Septemba ana mabaki ya wekundu, manyoya yamechakaa. Ukiandika "200, katika 50 niliowaona vizuri wachanga ni 3", umetoa habari za kiangazi cha Siberia bila kutoka Kilifi.

Na mla-kaa. Namwita hivyo kwa kazi yake. Kwa wataalamu ni *Dromas ardeola*. Mweupe, mgongo na mabawa yana weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene ambao ukiuona mara moja huutafuti tena kitabuni. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na tofauti na ndege wengine wote wa ufukweni huchimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja. Kisha huja kwetu, kwa njia ileile ya majahazi, na mtoto wake ubavuni. Mchanga ana mgongo wa kijivu badala ya mweusi, na hata mwezi wa Desemba utamsikia akimlilia mzazi ampe kaa. Si kila mla-kaa huja huku, wengi hubaki kaskazini. Mwenye jamaa Oman amwambie aende Barr Al Hikman wakati wa baridi, pwani ambayo hupokea ndege wa ufukweni zaidi ya nusu milioni, kisha mlinganishe mlichoona.

Wapo wawili ambao nakushauri usijaribu kuwatenganisha mwaka wa kwanza. Ni wale wadogo wa mchanga, kahawia juu na weupe chini, *leschenaultii* na jamaa yake mdogo aliyekuwa akiitwa *mongolus*. Vitabu vipya vimewahamisha kutoka jenasi *Charadrius* hadi *Anarhynchus*, na huyo mdogo amegawanywa aina mbili, kwa hiyo usishangae simu ikikupa jina tofauti na la kitabu. Tofauti yao ni urefu wa mdomo na wa miguu, na kwa mbali hata wazoefu hubishana. Andika tu "mmoja wa hao wawili". Programu nzuri za simu za kuandikia ndege zina nafasi ya jibu hilo, na mhariri anayekagua orodha huliheshimu kuliko jina la kubahatisha.

4. Hesabu kwa makundi

Usihesabu mmoja mmoja ndege wakizidi thelathini. Hesabu kumi kamili, uone kumi hao wanachukua nafasi gani kwenye darubini, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho. Kundi likiwa kubwa, tengeneza kipimo cha mia. Jicho la mwanadamu hupunguza kundi kubwa na kulikuza dogo, na dawa yake ni mazoezi ya jikoni: mwaga choroko kwenye sinia, kadiria, kisha hesabu. Baada ya wiki utaona makadirio yako yanasogea karibu na ukweli.

Mkiwa wawili, kila mmoja ahesabu kimya kimya, ndipo mtajiane. Mkubwa akitaja kwanza, mdogo hurekebisha yake kwa adabu, na hesabu inakuwa ya mtu mmoja. Shikamoo zimalizike kabla ya darubini kutoka mkobani.

Jihadhari na kuhesabu mara mbili. Maji yakijaa, kundi lililokuwa kulia hupita mbele yako na kutua kushoto, na ukiendelea kugeuza darubini umewapata tena walewale. Hesabu mara moja kabla hawajaanza kusogezwa, na mara ya pili wakiwa wametulia juu, kisha toa idadi kubwa kati ya hizo mbili, si jumla.

5. Andika papo hapo

Usingoje ufike nyumbani. Kila ziara iwe na: mahali (si "Watamu" bali "kibanda cha Mida, upande wa magharibi"), tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya maji, upepo, watazamaji wangapi, kisha ndege na idadi.

Kuhusu saa, tahadhari moja inayotuhusu sisi tu. Kwa Kiswahili saa nne asubuhi ni 10:00, na saa kumi jioni ni 16:00. Ukimwandikia mwenzako "saa 10", mmoja ataelewa asubuhi na mwingine jioni, na kwa ndege wa ufukweni hiyo ndiyo tofauti ya maji yaliyopwa na yaliyojaa. Kwa mdomo zungumza kama ulivyozoea. Kwenye daftari na kwenye simu tumia saa ishirini na nne.

Andika na wasiovutia. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wako kila jalala la pwani, huachwa nje ya orodha kwa sababu kila mtu amewachoka. Matokeo yake ni kwamba ukitafuta kwenye kumbukumbu lini walifika mji fulani, hupati. Yangeyange, shomoro, mwewe wa sokoni, wote waingie.

6. Tuma, kwa mpangilio huu

Kwanza kikundi chako. Ujumbe mzuri wa WhatsApp unasomeka namna hii (idadi ni za mfano):

"Mida, kibanda cha magharibi. 14:10–16:00, maji yanajaa, bamvua. Watazamaji 2. Mla-kaa 85 (wachanga 20). C. ferruginea takriban 400. Sululu 23. Wadogo wa mchanga 120, sikuwatenganisha. Buabua wakubwa 60, wamelala. Shakwe 0. Orodha kamili iko eBird."

Ile sifuri ya shakwe usiione bure. Anayejua kwamba ulitazama na hukuwaona amepata habari. Anayeona umenyamaza hajui kama hawakuwepo au hukugeuka.

Pili, eBird. Ni programu ya bure, ilianzishwa mwaka 2002, inaendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kwenye simu hupokea orodha hata pasipo mtandao, ukishapata mtandao inatuma. Itakuuliza kama orodha yako ni kamili. Maana yake si kwamba umewaona ndege wote wa Kilifi. Ni kwamba kila uliyemtambua umemwandika, hukuchagua wazuri tu. Jibu "ndiyo" mara nyingi uwezavyo, kwa sababu orodha kamili ndizo zinazotumika kupima kama aina fulani inapungua. Usipoweza kuhesabu, inakubali herufi X, lakini X haimfikishi mtafiti mbali. Hata "takriban 400" ni bora.

Tatu, kama uko Kenya, jiunge na Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi. Nchi imegawanywa kwa miraba ya dakika tano za latitudo kwa tano za longitudo, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba, unatembea humo angalau saa mbili, ukiandika kila aina kwa mfuatano uliowaona. Orodha hiyo unaweza kuiongeza hadi siku tano. Miraba ya Watamu na Nairobi imejaa orodha. Chagua wa kwenu kijijini, ambako pengine hakuna mtu aliyewahi kuandika. Tanzania nayo ina atlasi yake ya ndege iliyokusanya kumbukumbu kwa miongo mingi.

Ukimwona ndege adimu, usianze na kelele. Piga picha, hata mbaya. Andika maelezo kabla ya kufungua kitabu, maana ukishafungua kitabu macho huanza kukumbuka yaliyochapishwa. eBird ina wahariri wa kujitolea, na mmoja wao akikuandikia kuuliza "ulimtambuaje?", hajakutukana. Mjibu kwa alama ulizoziona: mdomo, miguu, bawa, mwendo. Ukisema "nawajua ndege wangu", kumbukumbu itawekwa kando, na ni haki.

Kuna na pete. Ndege mwenye pete ya chuma au kibendera cha rangi mguuni amepita mikononi mwa mtu. Andika ni mguu upi, juu au chini ya goti, rangi kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, na herufi ukizisoma. Wapelekee shirika la Nature Kenya, Nairobi. Hata kama pete ni ya nchi nyingine wanajua pa kuielekeza. Kazi hii ina mizizi kwetu. Tangu mwaka 1969, kila Novemba na Desemba, watu hukusanyika Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako usiku wa ukungu taa za hoteli huwavuta ndege wadogo wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete, hupimwa na kuachiwa waendelee na safari.

7. Yasiyotumwa

Si kila mahali pa kutangazwa. Bundi mdogo wa Sokoke, *Otus ireneae*, yuko hasa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na vilima vya chini vya Usambara ya Mashariki. Ukionyeshwa na mwongoza wageni mti anaolala mchana, picha tuma, mti usitaje. Watu wakijua watamwagika, wengine na vipaza sauti vya kumwigizia mlio, na bundi atahama. Mwongoza wageni pia anakula kwa kujua mti ule. Viota vya ndege yeyote, vivyo hivyo.

Kwa ndege wa ufukweni hatari ni nyingine. Maji yakiwa yamejaa wamejikusanya mahali padogo kupumzika, na kila anayewasogelea apate picha ya kundi likiruka amewachomea mafuta. Machi ni mwezi mbaya zaidi, kwani ndipo wanaponenepa kwa safari ya maelfu ya kilomita. Kundi likianza kuinua vichwa na kuacha kula, uko karibu mno. Rudi nyuma. Na video ya kundi zima linaruka kwa sababu ya mtoto aliyetumwa alikimbize, usiipigie makofi kwenye kikundi. Mwenye kikundi aiondoe.

8. Tarehe za kuweka kwenye kalenda

Januari ni mwezi wa hesabu ya ndege wa maji, inayofanyika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, Kenya ikiwemo. Anayeanza huwekwa pamoja na mzoefu, naye huwa ndiye mwandishi. Ikubali kazi ya uandishi. Katika hesabu moja ya Januari utajifunza zaidi ya mwaka mzima wa kutazama peke yako. Aliye Nairobi ana matembezi ya Nature Kenya ya Jumatano asubuhi. Aliye Uganda aitazame ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, ambako buabua wenye mabawa meupe hukusanyika kwa mamia ya maelfu. Februari kuna siku nne za hesabu ya ndege wa majumbani duniani kote, ambayo dakika 15 uani zinatosha; wapeni watoto.

Mwishoni mwa Machi rangi zinarudi. Vitwitwi wanageuka wekundu kama udongo wa Tsavo, mnono mwenye kwapa jeusi anavaa weusi usoni na kifuani, na sasa kitabu na tope vinakubaliana. Andika tarehe ya kundi la mwisho kubwa ulilolihesabu. Watu wengi hukumbuka kuandika wa kwanza kufika, wachache huandika wa mwisho kuondoka.

Kisha msiache. Wengi wa waliozaliwa mwaka uliotangulia hawarudi kwao wakiwa na mwaka mmoja. Juni na Julai, Kusi ikivuma na mvua za manyunyu, utawakuta wachache wa kijivu wakiendelea kula tope. Hao huandikwa na watu wachache mno, kwa sababu kila mtu anadhani wageni wameondoka. Na Sabaki miezi hiyo hiyo hupokea mgeni wa upande mwingine, *Glareola ocularis*, ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu anayedaka wadudu hewani, aliyezaliana Madagaska na kuvuka bahari kuja kwetu. Agosti hufika kwa makundi makubwa. Nenda kawahesabu, maana wiki chache baadaye vitwitwi wa kwanza nao watakuwa wameshatua papo hapo.